Noti Iliyo Chini ya Sahani



Wiki mbili zilizopita mpwa wangu aliyeko Houston, Texas, alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya hati yake ya mshahara. Nikavaa miwani, nikaisoma toka juu hadi chini. Pale chini kabisa, mahali panapoandikwa fedha anazokwenda nazo mtu nyumbani, niliona sifuri, nukta, sifuri mbili. Nikadhani picha imekatika. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona hii karatasi haina kitu? Wamekufukuza?"

"Hapana, mjomba. Huo ndio mshahara wenyewe. Wahudumu wote wa pale hati zetu ziko hivyo."

Alikuwa amefanya kazi saa 60 katika wiki mbili, anabeba sahani, anafuta meza, anacheka na watoto wa watu. Kwa kila saa mwenye mgahawa alimlipa dola 2 na senti 13. Zidisheni wenyewe: ni dola 127 na senti 80. Halafu yakaja makato ya kodi na ya hifadhi ya jamii, ambayo hupigwa juu ya mshahara ukijumlishwa na bakshishi zote alizoziandikisha, yakameza zile dola 127 hadi senti ya mwisho. Kodi ya chumba, nauli, na zile dola 50 alizomtumia mama yake, dada yangu, vyote vilitoka mifukoni mwa watu waliokuja kula.

Tangu siku hiyo swali moja limeniganda. Mgeni akinyanyuka mezani, akaacha noti chini ya sahani, noti ile ni ya nani?

Mtanijibu upesi kwamba ni ya mhudumu, na mimi ningejibu hivyo hivyo. Lakini Marekani swali hili limefikishwa mahakamani mara nyingi mno, limefika hadi Mahakama ya Juu na hadi bungeni, na majibu yake yamekuwa yakibadilika kwa zaidi ya miaka 80. Kwa kuwa vijana wetu wengi wanaanzia maisha ya ughaibuni katika migahawa, wawe Houston, Dallas, Atlanta au Minneapolis, naomba tulizungumze leo kwa kituo.

Tuanze na hesabu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7 na senti 25 kwa saa, na kimesimama hapo tangu Julai 2009. Lakini mwajiri wa mtu anayepata kwa kawaida bakshishi ya zaidi ya dola 30 kwa mwezi ameruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu. Kiwango hicho hakijasogea tangu Aprili 1991. Aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto shuleni. Ile tofauti inayobaki, dola 5.12 kwa kila saa, sheria inaihesabu kuwa imelipwa na bakshishi. Wanasheria wa kule wana jina lao la kitaalamu. Sisi hapa tuiite punguzo la bakshishi, maana ndivyo ilivyo: ni deni la mwajiri linalopunguzwa kwa fedha ya mteja.

Fikirini maana yake. Mgeni anaacha dola 5 akiamini amempa mtu zawadi. Kumbe kabla zawadi ile haijawa zawadi, imelipa kwanza alichodaiwa mwenye mgahawa kwa saa ile. Mhudumu anashukuru, mgeni anaondoka na moyo mweupe, na aliyefaidika hakuwepo mezani wala hajulikani kwa mgeni. Hilo ndilo linaloniuma. Sina ugomvi na ukarimu wa mgeni. Ugomvi wangu ni na sheria inayouchukua ukarimu huo njiani kabla haujafika.

Yupo atakayesema: lakini bakshishi zisipofika, mwajiri analazimika kujazia hadi kima cha chini. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Ila hesabu yenyewe inapigwa kwa juma zima, haipigwi kwa siku. Jumatatu ya mvua mpwa wangu alikaa saa sita na meza mbili tu, akaondoka na dola 9. Jumamosi kulikuwa na mpira, mgahawa ukafurika, bakshishi zikaja. Basi Jumamosi ikaifuta Jumatatu, na mwenye mgahawa hakujazia hata senti. Hapo sheria imefuatwa sawasawa. Sasa fikirieni pale isipofuatwa.

Mambo haya yana mwanzo wake, na bila kuujua mwanzo huo hatuwezi kuelewa kwa nini nchi tajiri namna ile ina kima cha chini cha aina mbili. Desturi ya bakshishi ililetwa Marekani kutoka Ulaya katika karne ya 19 na watu wenye nafasi waliokwenda kutembea huko. Wamarekani wengi waliichukia. Waliiona ni tabia ya mabwana na watwana isiyofaa katika jamhuri. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa.

Iliyoipa bakshishi mizizi ni kazi za watu weusi baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865. Kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa 1867, ilikuwa na mabehewa ya kulala katika treni za safari ndefu. Iliajiri wanaume weusi, wengi wao wametoka utumwani, watandike vitanda, wabebe mizigo, wang'arishe viatu vya abiria usiku wakati wenyewe wamelala. Kampuni ikalipa kidogo sana na kuwaachia abiria wamalizie. Abiria wakawa wanawaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama vile mtumwa alivyobandikwa jina la bwana wake. Mtu mzima mwenye mke na watoto anaitwa jina lisilo lake, na anatakiwa aitike kwa tabasamu, kwa kuwa chakula cha wanawe kimo katika tabasamu hilo. Mwaka 1925 wafanyakazi hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakipigania mshahara unaomtosha mtu kuishi bila kutazama mkono wa abiria. Iliwachukua miaka 12 kupata mkataba na kampuni, mwaka 1937.

Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapata sheria yake ya kima cha chini cha mshahara: senti 25 kwa saa. Ndipo yakatokea ya wapagazi wa stesheni. Hawa walijulikana kwa kofia zao nyekundu, nao wengi walikuwa watu weusi. Walibeba mizigo ya abiria na kuishi kwa bakshishi. Sheria ilipoanza kutumika mwezi Oktoba, waajiri wao waliwapa tangazo. Kuanzia sasa, waliambiwa, kila siku mtatuandikia mmepata kiasi gani kwa abiria. Kikipungua senti 25 kwa saa, sisi tutajazia. Kikifika, hatudaiwi kitu.

Mnaona kilichotokea? Sheria iliyotungwa ili mwajiri alipe iligeuzwa kwa karatasi moja ya tangazo ikawa sheria ya abiria kulipa. Wapagazi wa Jacksonville, Florida, walikwenda mahakamani. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1942 wakashindwa. Mahakama ilikubali kwamba kwa desturi bakshishi ni mali ya aliyepewa, isipokuwa kama yapo makubaliano mengine. Na tangazo lile, wapagazi walipoendelea kufika kazini, likahesabiwa kuwa ni makubaliano. Mtu anayeogopa kukosa kazi anaambiwa amekubali kwa sababu tu kesho yake alirudi kazini. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama papo hapo.

Wahudumu wa migahawa wenyewe walikuwa bado nje ya sheria ya kima cha chini. Waliingizwa na marekebisho ya mwaka 1966, na mlango uleule uliowaingiza ukaingiza na lile punguzo: bakshishi ziliruhusiwa kuhesabiwa hadi nusu ya kima cha chini. Kwa muda angalau nusu hiyo ilipanda kila kima kilipopanda. Mwaka 1996 kamba ikakatwa. Bunge liliongeza kima cha chini cha watu wengine wote, na mshahara wa mhudumu likauacha kwenye dola 2.13.

Sasa tuje kwenye kesi.

Nyingi hazina mbwembwe. Mwajiri anatakiwa amweleze mhudumu mapema kwamba atatumia bakshishi zake kufikia kima cha chini. Asipomweleza, hana haki ya kulipa 2.13, na mawakili wengi wameshinda kwa hilo peke yake. Nyingine ni za saa za ziada, na hapa naomba aliye na ndugu kule achukue kalamu. Mhudumu akivuka saa 40 kwa juma, kuna waajiri wanaochukua 2.13 na kuizidisha mara moja na nusu, wanapata kama dola 3.20 kwa saa. Hilo ni kosa. Kinachozidishwa ni kima kamili cha 7.25, ndipo unapoondoa 5.12. Jibu ni dola 5.76. Tofauti ni dola 2 na nusu kwa kila saa ya ziada, na kwa mgahawa wenye wahudumu 30 hizo ni fedha nyingi kwa mwaka.

Kisha kuna mteja anayekula na kukimbia. Hapa naomba niwarudishe nyumbani kidogo. Nikiwa kijana, kabla sijaingia katika kazi hii ya redio, nilihudumu msimu mmoja katika hoteli ya ufukweni. Jioni moja meza ya watu wanne waliagiza samaki, kamba na vinywaji, wakasema wanatoka kupiga picha za machweo, hawakurudi. Mwisho wa mwezi bili yote ilikatwa kwenye mshahara wangu, na hakuna aliyeniuliza ilikuwaje. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Leo najua kwamba Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, hairuhusu kumkata mtu namna hiyo: ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi ni kiasi gani na kimepatikanaje, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Marekani nako, mhudumu anayelipwa 2.13 hawezi kukatwa kwa ajili ya mteja aliyekimbia, wala sahani iliyovunjika, wala sare, kwa kuwa yuko tayari kwenye sakafu ya sheria. Ukimkata senti moja umemshusha chini yake. Mpwa wangu hakulijua hilo. Mwezi Machi alilipa bili ya watu asiowajua.

Kesi iliyosikika sana ni ya New York, iliyofunguliwa mwaka 2010 dhidi ya migahawa ya Mario Batali, wakati huo mpishi maarufu wa televisheni, na mshirika wake Joe Bastianich. Wahudumu walidai kwamba kila usiku, kabla bakshishi hazijagawanywa, asilimia 4 au 5 ya mauzo ya mvinyo ilitolewa katika bakshishi hizo na kwenda kwa mgahawa. Kwa chupa ya dola 200 hiyo ni dola 8 hadi 10, na ni migahawa ambako chupa za namna hiyo hufunguliwa meza baada ya meza. Mwaka 2012 wenye migahawa walikubali kulipa dola milioni 5.25 kuimaliza, kwa zaidi ya wafanyakazi elfu moja. Mgeni alikuwa amekula chakula cha mpishi mwenye jina, amelipa bei ya jina hilo, kisha akaacha bakshishi kwa kijana aliyemhudumia. Kwa madai ya wahudumu, sehemu ya bakshishi hiyo iliishia kwa wenye jina.

Iliyonigusa zaidi ni ya mgahawa wa Saigon Grill, New York hukohuko. Wafanyakazi walioshtaki hapo hawakubeba sahani kutoka jikoni hadi mezani. Walikuwa wahamiaji wa Kichina waliobeba chakula kwa baiskeli hadi milangoni mwa watu, katika mvua na theluji. Mahakama ilikuta kwamba wapo waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, na kwamba walitozwa faini kwa mambo kama kuuachia mlango ujibamize. Walipojiandaa kwenda kushtaki, walipoteza kazi. Hawakukata tamaa. Walisimama nje ya mgahawa ule na mabango yao, na mwezi Oktoba 2008 jaji wa shirikisho aliamuru wafanyakazi 36 walipwe dola milioni 4.6. Nataka mkumbuke idadi hiyo, 36. Ni watu wanaoweza kuenea katika basi dogo.

Kuna jambo ambalo wapitaji hawalioni, nalo limezaa kesi nyingi kuliko mvinyo wa Batali. Mhudumu hahudumii wageni muda wote. Kabla mlango haujafunguliwa anapanga viti, anajaza vichupa vya chumvi, anakunja visu na uma ndani ya leso, mamia kwa mamia. Usiku wageni wakishaondoka anafagia, pengine anasugua vyoo. Saa hizo hakuna mtu mezani wa kumwachia chochote, lakini bado analipwa 2.13. Je, ni halali? Kanuni ya mwaka 1967 inatoa mfano wa fundi wa hoteli ambaye pia ni mhudumu: saa za ufundi alipwe kima kamili. Lakini inasema pia kwamba mhudumu anayepanga meza, kuchoma slesi za mkate, kuchemsha kahawa na mara mojamoja kuosha glasi, hiyo bado ni kazi yake ya uhudumu. Mwaka 1988 Wizara ya Kazi ikaweka mpaka katika mwongozo wake: kazi hizo zikizidi asilimia 20 ya muda, mwajiri alipe kamili. Kwa mpaka huo wahudumu wa Applebee's, mojawapo ya migahawa yenye matawi mengi zaidi kule, walishinda hoja yao katika mahakama ya rufaa mwaka 2011. Mwishoni mwa 2021 mpaka ukakazwa: hata kazi isiyo na mgeni iliyozidi dakika 30 mfululizo iligusa haki ya mwajiri ya kulipa 2.13.

Wenye migahawa wakaenda mahakamani nao. Agosti 2024 mahakama ya rufaa yenye makao New Orleans, ambayo Texas iko chini yake, ilifuta kanuni hiyo nzima. Majaji walisema sheria yenyewe inauliza mtu ana kazi gani, haiulizi dakika hizi anafanya nini. Kama wewe ni mhudumu, basi umeshika sahani au umeshika ufagio, wewe ni mhudumu. Naiheshimu mahakama, na najua wanasheria wanaoiona hukumu hiyo kuwa imefuata maneno ya sheria. Mimi namfikiria mtu aliyeinama chooni saa sita usiku akisugua kwa dola 2 na senti 13, na hakuna mgeni atakayeingia humo kumpa shukrani.

Mwaka 2017 kulitokea jambo lililotaka kuzima swali letu kabisa. Mwezi Desemba, Wizara ya Kazi ilipendekeza kwamba mwajiri anayelipa kima kamili cha 7.25 aachiwe azifanyie bakshishi anachotaka. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwafikia wapishi na waosha vyombo, ambao mgeni hawaoni. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Aliyekaanga samaki wako amesimama kwenye moto saa nane, na anayekuletea ndiye anayepewa. Lakini pendekezo halikumzuia mwajiri kuzitia fedha zile mfukoni mwake. Taasisi ya Sera za Uchumi ya jijini Washington, D.C., ilikadiria kwamba dola bilioni 5.8 kwa mwaka zingeishia kwa waajiri. Kelele zikapigwa, na Machi 2018 Bunge likapitisha, ndani ya sheria kubwa ya bajeti, maneno yaliyo wazi: mwajiri asichukue bakshishi ya mfanyakazi kwa sababu yoyote ile, na meneja na msimamizi vilevile. Anayelipa kima kamili anaweza kuwaingiza watu wa jikoni katika mgawo. Baada ya miaka 76 tangu wapagazi wa Jacksonville, tangazo la mwajiri halikuweza tena kugeuza fedha za mgeni kuwa zake.

Lakini angalieni, 2.13 ilibaki. Mwajiri haruhusiwi kuichukua noti; bado anaruhusiwa kuihesabu.

Na kushtaki si rahisi hivyo. Ni kweli mhudumu akishinda hupata alichodai na kiasi kingine sawa na hicho kama fidia. Lakini anaweza kurudi nyuma miaka 2 tu, au 3 ikithibitika mwajiri alikusudia. Katika kesi ya pamoja ya shirikisho kila mmoja lazima aandike kwa mkono wake kwamba anajiunga, jina lake likae mahakamani mahali bosi atakapolisoma. Kumfukuza mtu kwa kudai ujira ni kinyume cha sheria, na watu wanafukuzwa. Tena mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi asaini karatasi ya kuacha haki ya kushtaki na wenzake, kila mtu apeleke dai lake peke yake kwa msuluhishi. Nilimuuliza mpwa wangu kama alisaini karatasi ya namna hiyo. Akasema siku ya kwanza alipewa kompyuta ya mkononi, akaonyeshwa mahali pa kuweka kidole, akaweka kidole kama mara 11.

Nisiwe nawapa upande mmoja. Wapo wahudumu, na si wachache, wanaotaka punguzo libaki. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo la Maine walikubali kuliondoa taratibu. Wahudumu wengi wenyewe wakaenda bungeni kulalamika kwamba wageni watakata bakshishi na kipato chao kitashuka, na mwaka 2017 bunge la jimbo likalirudisha. Ndiyo Maine yenye mji wa Portland, walikohamia ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ninawaelewa wahudumu wale. Katika mgahawa wa bei, Ijumaa usiku, mhudumu mzoefu anaweza kurudi nyumbani na fedha ambazo mwalimu hazioni. Lakini majimbo saba, California, Oregon, Washington, Nevada, Montana, Minnesota na Alaska, hayaruhusu punguzo hilo kabisa. Mhudumu wa huko analipwa kima kamili cha jimbo, kisha bakshishi inakuja juu. Migahawa ya Seattle haijafungwa, na wageni wa San Francisco hawajaacha kutoa. Kwa maoni yangu sheria ya ujira itungwe kwa kumtazama yule wa Jumatatu ya mvua. Wa Ijumaa atajitetea.

Mwaka 2025 serikali ilipitisha nafuu ya kodi ya mapato kwa bakshishi, hadi dola 25,000 kwa mwaka, mpaka 2028. Aliye na kodi ya kulipa itamsaidia. Haimgusi mwenye mgahawa, wala haiongezi senti juu ya 2.13.

Waingereza nao waliipita njia hii. Wahudumu wa mgahawa mmoja wa Kiitaliano katika mtaa wa Strand, London, ulioitwa kwa Kiitaliano Pepo na Jehanamu, walishtaki kwa sababu bakshishi zilizoachwa kwa hundi na kadi zilihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wao wa chini. Mahakama za Uingereza zikasema fedha iliyopita kwenye akaunti ya mwajiri ni ya mwajiri. Noti ya mkononi ilikuwa ya mhudumu, ile ya kadi sivyo. Wakafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na mwaka 2002 wakashindwa huko pia. Ila serikali yao ilijisahihisha. Tangu Oktoba 2009 bakshishi hairuhusiwi kuhesabiwa ndani ya kima cha chini, na tangu Oktoba 2024 mwajiri analazimika kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote bila kukata. Wahudumu wale walishindwa kila mahali waliposimama, na walichokuwa wakikiomba leo ni sheria ya nchi.

Nilipomaliza kumsomea mpwa wangu haya yote, alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa mimi nifanye nini, mjomba? Sina wakili, na kazi naihitaji."

Nikamweleza hukumu moja ya mwaka 1946, ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo huko Michigan. Mahakama ya Juu ilisema kwamba kutunza kumbukumbu za saa ni wajibu wa mwajiri, na asipozitunza sawasawa, makadirio ya haki ya mfanyakazi yanatosha kuanzia. Nikamwambia anunue daftari.

Jana kanitumia picha nyingine. Ni ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake uleule wa shule ya msingi, umelala upande wa kulia. Jumanne. Nimeingia saa tisa alasiri. Mlango umefunguliwa saa kumi na moja. Kukunja leso, saa moja na nusu. Mgeni wa mwisho ameondoka saa nne usiku. Vyoo, dakika 40. Nimetoka saa tano kasoro dakika tano. Bakshishi, dola 61. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika majina ya wenzake wawili ambao nao wameshanunua daftari.